Sindano Haimrudishii Kuku Ujana



Mwezi huu nataka tuseme kweli juu ya jambo moja ambalo limekuwa likipita kimya kimya kutoka boma hata boma huku kwetu Matisi. Nachelea lisije likafika kwenye skimu za Ndalu, Tongaren na Naitiri kabla ya kukanywa.

Jambo lenyewe ni hili. Kuku wa mayai akizeeka na mayai yakapungua, mwenye kuku huenda katika duka la dawa za mifugo akanunua chupa ya dawa ya uvimbe, ile ambayo wengi huiita deksa. Hurudi nyumbani akawadunga kuku wake mmoja mmoja. Wengine husaga vidonge vya dawa ya jamaa hiyo wakavikoroga katika maji ya kunywa. Wameambiwa kwamba dawa hii hufungua kizazi, na kwamba kuku wa miaka miwili atataga tena kama kuku wa miezi minane.

Maoni yangu nayatoa mapema, ili hata asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho ayapate. Dawa hiyo haifungui kizazi cha kuku; hukifunga. Tena humwondolea kuku kinga ya magonjwa, na masalio yake yaweza kuingia katika yai ambalo mtoto wa mtu atalila. Kuku mzee ahesabiwe katika daftari, na siku yake ikitimia aondoke, mwingine ashike nafasi yake.

Najua maneno hayo ni mepesi kwangu mimi ninayeandika, na ni mazito kwako wewe unayetegemea trei za mayai kulipa karo. Kwa hiyo tafadhali nisikilize kwanza, halafu upime mwenyewe.

Niliyoyaona Matisi

Nina jirani huku Matisi, mama mtu mzima, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na kuku 100 wa mayai, wale wa chotara, katika nyumba nzuri ya mabati na waya. Kuku hao ndio waliokuwa wakilipa karo ya wajukuu wake wawili wa sekondari. Katika mwaka wa kwanza alikuwa akiokota karibu trei tatu kila siku. Kuku walipopita umri wa wiki 90, alikuwa hapati zaidi ya trei moja na mayai machache juu yake.

Akaenda kuuliza dukani. Muuzaji, ambaye naye simtaji, akampa chupa na mabomba ya sindano, akamwambia adunge kila wiki.

Siku za kwanza mama alifurahi sana. Kuku walichangamka, wakala kwa pupa, na mayai yakaongezeka manne matano kwa siku. Alikuja kwangu akanitania, akasema sisi watu wa mifugo twawaficha wakulima dawa. Wiki ya tatu mayai yakashuka hata trei moja haikujaa. Wiki ya nne kuku wakaanza kufa, leo wawili, kesho watatu.

Tulipasua kuku wawili mbele ya mama mwenyewe. Lile shada la viini, ambalo katika kuku mtagaji hujaa viini vikubwa vya manjano, lilikuwa limenywea. Viini vilivyobaki vilikuwa vimekunjamana kama matunda yaliyosahauliwa juani. Ini lilikuwa kubwa, la rangi ya njano na lenye mafuta. Mmoja wao alikuwa na usaha tumboni.

Siwezi kuapa kwamba sindano peke yake ndiyo iliyowaua. Kuku walikuwa wazee, na ugonjwa ulikuwapo. Lakini tuliyoyaona katika shada na katika ini ni yaleyale ambayo wachunguzi wa kuku wameyaeleza kwa miaka mingi. Muhula ule mjukuu mmoja alikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa karo. Hiyo ndiyo sababu naandika habari hii.

Yai la leo lilianza siku kumi zilizopita

Kila mtu aliyewahi kumchinja kuku mtagaji ameliona shada hilo. Wataalamu huliita ovari. Kuku ana ovari moja tu ifanyayo kazi, nayo ni ile ya upande wa kushoto. Ya kulia hunyauka tangu kuku angali ndani ya yai. Katika ovari mna mbegu ndogo ndogo za mayai kwa maelfu. Katika hizo, tano mpaka saba ndizo huwa zimekua kuwa viini vikubwa kwa wakati mmoja, kila kimoja kikubwa kuliko kinachokifuata, kama watoto wa nyumba moja waliopangwa kwa umri.

Kiini kimoja huchukua siku saba mpaka kumi na moja kujaa. Kikikomaa hudondoka na kuingia katika mrija wa uzazi. Humo hukaa muda wa siku moja na saa kidogo. Huvikwa ute, halafu ngozi, halafu gamba. Gamba peke yake huchukua saa 20 hivi kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku.

Sasa fikiri. Yai uliloliokota siku ya pili baada ya kumdunga kuku, kiini chake kilianza kujaa siku nyingi kabla hujainunua ile chupa. Sindano haikuhusika na kulianzisha. Kuku alichangamka kwa sababu dawa hii huondoa uvimbe na maumivu na huongeza hamu ya kula. Mkulima aona kuku amechangamka, aona na mayai manne ya ziada, aunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Mayai ambayo sindano iliyagusa ni yale ambayo yangaliokotwa wiki ya pili na ya tatu, na hayo ndiyo yasiyoonekana.

Mbona dawa hufunga kizazi?

Kuku hatagi kwa kupenda kwake. Chini ya ubongo wake mna tezi ndogo ambayo hutuma amri kwa njia ya damu hata kwenye ovari. Amri hizo huitwa homoni. Ovari ikipata amri, nayo hutuma yake kwenye ini, na ini ndilo hutengeneza vitu vya kujaza kiini. Tezi, ovari na ini hufanya kazi kama watu watatu wapokezanao matofali. Mmoja akisimama, ujenzi husimama.

Tena, kuku ana homoni nyingine ya hatari, iitwayo kotikosteroni, ambayo mwili wake huitoa wakati wa shida. Kila mfugaji ameona kazi yake, ingawa pengine hakulijua jina lake. Nguchiro akiingia bandani usiku, au kuku wakihamishwa kwa gari, au wakikosa maji siku nzima ya jua, mayai hupungua siku zifuatazo. Mwili wa kuku umepata habari kwamba hali ni mbaya, nao huacha kutaga ili kuokoa uhai kwanza.

Deksa, ambayo jina lake kamili ni deksamethasoni, ni ya ukoo mmoja na homoni hiyo ya hatari. Ukoo huo huitwa steroidi za kuzuia uvimbe. Basi ukimdunga kuku wako kila wiki, unauambia mwili wake kwamba nguchiro yumo bandani mchana na usiku, wala haondoki. Tezi hupunguza amri. Viini vilivyoanza kukua huachwa, hunywea, na mwili huvila tena. Ini nalo huanza kujaza mafuta.

Maneno haya yamepimwa. Mwaka 1984 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliandika habari za kuku watagaji waliopewa kotikosteroni kwa siku mfululizo. Ovari zao zilirudi nyuma na kutaga kukasimama. Tangu hapo wengine wamejaribu kwa njia mbalimbali, katika chakula na kwa sindano, nao wameona mambo yanayofanana na hayo.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa kuku mwenye nguvu, je, kuku mzee? Ovari ya kuku mzee imekwisha kupungua kasi yenyewe. Viini vipya huchaguliwa kwa uchache, siku za mapumziko kati ya yai na yai huongezeka, yai huwa kubwa lakini gamba huwa jembamba. Kumpa kuku wa hali hiyo steroidi ni kumtwika gunia punda aliyekwisha kupiga magoti.

Dawa si mbaya, matumizi ndiyo mabaya

Mtu asinielewe kwamba nazitukana dawa hizi. Mwaka 1948 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya kwanza ya ukoo huu, na watu waliokuwa hawawezi kusimama wakatembea. Mwaka 1950 wataalamu watatu, Hench, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Deksamethasoni ilitengenezwa miaka michache baadaye, nayo ni kali mara 25 hivi kuliko homoni ya namna hiyo iliyomo mwilini mwa mwanadamu. Hata leo huokoa maisha ya watu hospitalini, na daktari wa mifugo huitumia kwa ng'ombe pale inapostahili.

Lakini wewe mfugaji wa ng'ombe wajua pia upande wake wa pili. Ng'ombe mwenye mimba kubwa akidungwa deksa bila uangalifu, huweza kuzaa kabla ya siku zake. Dawa inayoweza kumwamrisha ng'ombe azae si dawa ya kuchezea katika kizazi cha kuku.

Liko na jambo la kinga. Dawa hii huzuia uvimbe kwa kuwafunga mikono askari wa mwili. Kuku akiwa na kideri, ambao wengi huuita Newcastle, au taifodi ya kuku, au usaha katika mrija wa uzazi, dawa itamfanya aonekane ana nafuu, na huku ugonjwa waenea kwa wenzake. Na ukimchanja wakati askari wake wamefungwa mikono, chanjo hiyo huenda isishike sawasawa.

Habari za wasomi, na namna zinavyopotoshwa

Nimemsikia mtu mmoja aliyesoma akisema, "Lakini wazungu wanachunguza dawa za uvimbe katika ovari za kuku wazee, nami nimesoma." Ni kweli, wanachunguza. Ila yafaa tujue wanatafuta nini.

Kuku mtagaji ni mmoja wa wanyama wachache ambao hupata saratani ya ovari wenyewe, bila kupewa, kama wapatavyo wanawake. Aghalabu humpata akiisha kupita miaka miwili, na huzidi kadiri anavyozeeka. Mwaka 1971 daktari wa Misri, Mahmoud Fathalla, alitoa fikira kwamba kila yai linapotoka hupasua ngozi ya ovari, ngozi hujitibu, halafu hupasuka tena, na katika kupasuka na kujitibu huko bila kupumzika saratani hupata mlango. Kuku aliyetaga mayai mia tano amepasuliwa mara mia tano. Kwa hiyo wachunguzi wa saratani ya wanawake huwatazama kuku wazee.

Kwa kuwa kila mpasuko huleta uvimbe kidogo, wengine waliuliza kama dawa za kuzuia uvimbe zaweza kusaidia. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kuku wazee walilishwa aspirini, na matokeo yalitolewa mwaka 2009. Saratani ilitokea vilevile, ila katika kuku waliokula aspirini ilionekana zaidi ikiwa bado katika hatua za mwanzo. Angalia mambo mawili. Kwanza, aspirini si steroidi. Ni dawa ya ukoo mwingine kabisa. Pili, watu wale hawakuwa wakitafuta mayai mengi. Walikuwa wakitafuta njia ya kuwaokoa mama zetu na dada zetu.

Mtu akichukua habari ya namna hiyo akaifanya sababu ya kuuza sindano ya mayai, amekata shati la mwenzake akashona suruali yake.

Yai linaliwa na nani?

Mayai ya Matisi huliwa Kitale mjini, katika vibanda vya chai, shuleni na majumbani. Mama mjamzito huyala, na mtoto aliyeanza kula vyakula vigumu huyala. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba deksa.

Kwa kuwa kiini hujaa kwa siku nyingi, na vingine vinafuatana nyuma yake, dawa iliyo katika damu ya kuku yaweza kuingia katika viini vitakavyotagwa siku nyingi baada ya sindano. Codex, yaani shirika la mataifa linaloweka vipimo vya usalama wa chakula, limeweka viwango vya deksamethasoni katika nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na ya farasi, na katika maziwa ya ng'ombe. Kwa yai hakuna kiwango kilichowekwa. Maana yake muuzaji hawezi kukuambia kwa haki, "Ngoja siku kadhaa, kisha uza." Siku hizo hakuna aliyezipima na kuzikubali.

Kibaya zaidi, mkulima akiona sindano haikufaa, huwauza kuku walewale kwa nyama wiki hiyohiyo. Kama umekwisha kudunga, usiuze yai wala kuku kabla ya kumwuliza daktari wa mifugo, na umwambie kweli umedunga nini na lini. Katika Kenya kazi ya kutibu wanyama imewekewa sheria, ile ya mwaka 2011, na walioandikishwa kuifanya wako chini ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mwulize anayekutibia kama ameandikishwa. Ni haki yako wala si utovu wa adabu.

Mayai yakipungua, uliza mambo haya kwanza

Kabla ya kusema kuku amezeeka, na kabla ya kwenda dukani, zunguka banda lako ukiwa na daftari.

Tazama mwanga. Kitale iko karibu sana na mstari wa Ikweta, hivyo mchana wetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Kuku mtagaji ataka mwanga wa saa 14 mpaka 16. Taa ndogo ya sola, ikiwashwa alfajiri au jioni, ina faida kuliko sindano. Ongeza nusu saa kila wiki, na ukiisha kuongeza usipunguze ghafla.

Tazama chokaa. Gamba la yai moja lina gramu mbili hivi za kalsiamu. Kuku mkubwa ahitaji nyingi kuliko mdogo. Mpe chokaa ya mifugo ya chembe kubwa au maganda ya kombe yaliyopondwa, hasa alasiri, maana gamba hujengwa usiku.

Tazama mahindi. Hili ni letu hasa sisi wa Trans Nzoia na Bungoma. Mahindi yaliyovunwa mvua zikinyesha, yakawekwa bila kukauka, hupata ukungu wenye sumu, yaani sumukuvu. Sisi wenyewe twayakataa, kisha twawapa kuku. Sumu hiyo huharibu ini, na nimekwisha kusema kwamba ini ndilo hutengeneza vitu vya kujaza kiini. Mahindi yasiyofaa mtoto wako hayafai kuku wako.

Tazama maji, utitiri, na minyoo. Tazama kama wananyonyoka manyoya, maana kuku anayebadili manyoya hupumzika kutaga kwa majira. Tazama tarehe ya chanjo ya kideri. Kwa kawaida hurudiwa kila miezi mitatu, lakini fuata ratiba ya afisa wako wa mifugo.

Halafu mshike kuku mmoja mmoja usiku. Anayetaga ana upanga mwekundu, tundu la nyuma pana na lenye unyevu, na kati ya ncha za mifupa ya nyonga hupita vidole viwili au vitatu. Asiyetaga upanga wake umesinyaa, tundu ni kavu, na kidole kimoja hupita kwa shida. Huyo wa pili anakula chakula cha mwenzake.

Hesabu ya gunia moja

Mwenye kuku 100 awalisha kilo 12 kwa siku, maana kila kuku hula gramu 120 hivi. Gunia la kilo 70 humtosha siku sita kasoro kidogo. Kuku hao wakitaga mayai 80 kwa siku, gunia hilo limempa trei 15 na nusu. Wakitaga 40, gunia lilelile limempa trei saba na ushei. Hakuna sindano inayopunguza bei ya gunia. Andika bei ya trei na bei ya gunia ya leo katika daftari lako, uone mwenyewe wiki ambayo kuku wameanza kukula wewe.

Kuku wengi wa mayai wa chotara hufaa mpaka umri wa wiki 72 au 80. Wakitunzwa vizuri sana huendelea zaidi. Baada ya hapo, daftari ndilo litoe hukumu.

Wazee wetu waliopewa mashamba ya skimu katika miaka ya 1960 walikutana na jambo la namna hii. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha hapa Kitale kilitoa mbegu ya mahindi ya chotara namba 611. Mwanzoni ilikuwa vigumu kuelewa kwamba mahindi mazuri namna ile hayafai kuwekwa kuwa mbegu ya mwaka ujao. Wakajifunza, na hata leo hakuna mkulima wa Matisi anayelia kwa sababu lazima anunue mbegu mpya kila mwaka. Ameiweka katika hesabu. Kuku wa chotara ni hivyohivyo. Ni mbegu ya msimu wake.

Tufanyeje, basi?

Najua kwa nini watu hudunga. Kuku wote waliingia siku moja, wote wamezeeka siku moja, na hakuna pesa za kununua wengine. Mkulima aogopa miezi mitano ya banda tupu. Woga huo ni wa haki, na ndio tunaopaswa kuutibu.

Shauri langu ni kwamba usiingize kuku wote kwa wakati mmoja. Kama nafasi yako ni ya kuku 100, leta 50 sasa na 50 baada ya miezi minane au tisa, katika vyumba viwili. Kundi moja likizeeka, jingine liko katika nguvu zake, na karo haikatiki. Pili, katika kila trei kumi unazouza, fedha ya trei moja usiiguse. Ni ya vifaranga. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, uza kuku wazee wakiwa wazima na wenye nyama, karibu na Krismasi, Pasaka au msimu wa harusi, usingoje waugue. Nne, majirani kumi waagize vifaranga pamoja na wamwite mchanjaji siku moja, gharama zigawanywe.

Nina neno pia kwa wenye maduka. Mkulima akija kwako na kilio cha mayai kupungua, mwulize umri wa kuku kabla ya kumwonyesha chupa. Faida ya chupa moja haitoshi kununua tena imani ya mteja aliyepoteza banda zima.

Nasi watu wa serikali hatuna budi kukiri. Mkulima humwuliza muuzaji kwa kuwa muuzaji ndiye aliye karibu. Kama afisa wa mifugo angefika Matisi mara nyingi kama anavyofika mwenye duka kufungua mlango wake, jirani yangu asingekwenda kununua ushauri pamoja na dawa. Yafaa kaunti zetu zilione hilo, na wakulima walidai katika mikutano yao bila haya.

Yule mama ameanza tena. Safari hii ana kuku 40, na wengine 40 watafuata. Ukutani amepigilia msumari, na penye msumari limening'inia daftari. Nilipomtembelea aliniuliza swali moja tu, kwamba mahindi yake yamekauka vya kutosha au bado. Nikajua amekwisha kupona.

Wazee walisema, ujana ni moshi, ukienda haurudi. Walisema hivyo juu ya watu, lakini hata banda la kuku laijua habari hiyo. Tumtunze kuku katika ujana wake, tumshukuru, na wakati wake ukifika tumwache aende akiwa msafi, bila dawa katika yai lake wala katika nyama yake.